Mwenye gari la Katavi ni mtoto wa jirani: muulizeni hata hivyo

Mtu wa Magamba akipanda basi la kwenda Sumbawanga hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi bila kukusudia. Watoto hubanana dirishani, wakibahatika wanaona twiga, na basi halisimami. Kwa familia nyingi za huku (Magamba ya Mpanda, siyo ile ya msituni Lushoto) huo ndio utalii wote waliowahi kuufanya katika hifadhi iliyoanzishwa mlangoni kwao mwaka 1974.

Siku wakiamua kuingia kweli, shida ya kwanza ni usafiri. Kampuni kubwa za utalii nyingi ziko Arusha, mbali mno, na gharama ya kulileta gari lao huku humrudia mteja. Anayebaki ni mtu wa hapa hapa mjini: kijana mwenye gari moja na simu moja, ambaye mama yake anajulikana mtaani.

Si chaguo baya hata kidogo. Anayepokea simu ndiye atakayeendesha. Anajua mwezi wa Septemba maji ya Mto Katuma yamebaki wapi, maana hapo ndipo viboko hurundikana kwenye tope kwa mamia na kupigana. Anajua pia kwamba bibi hawezi kurushwarushwa garini kutwa nzima, na mtoto mdogo akishachoka safari imekwisha.

Ubaya ni kwamba kwa kuwa anajulikana, hakuna anayemuuliza kitu. Kumdai mtoto wa shemeji leseni huonekana dharau. Baba anaona haya, mama anasema "atakuwa nayo tu," na pesa inatoka. Haya hiyo iwekwe kando. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka anayefanya biashara hii awe na leseni, mdogo kwa mkubwa. Akiudhika kwa kuombwa kuionyesha, amekwisha kujibu.

Swali zito zaidi ni hili: gari likiharibika huko ndani, nani anakuja? Kampuni yenye magari ishirini hutuma jingine. Mwenye gari moja lazima awe amepanga: fundi anayemtegemea, rafiki mwenye gari, namba za askari wa hifadhi, tairi la akiba lenye upepo, maji ya kunywa ya kutosha. Katavi ina kilomita za mraba 4,471 na wageni wake ni wachache, kwa hiyo gari jingine linaweza lisipite kwa muda mrefu. Mtandao wa simu nao haushiki kila mahali, na kushuka kwenda kutafuta msaada kwa miguu penye nyati na simba hakufikiriki. Akijibu kwamba gari lake halijawahi kumsumbua, bado hajasema nani anakuja.

Kwenye pesa, tenganisheni mafungu. Kiingilio ni cha TANAPA; Mtanzania hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kuliko dola za mgeni, na malipo hupitia namba ya malipo ya serikali yenye risiti. Kinachobaki ni gari, mafuta na jasho lake. Akitaja jumla moja tu, mwombeni aichambue. Malipo ya awali yasizidi mafuta, na makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: siku gani, watu wangapi, mvua ikinyesha itakuwaje. Masika huku si mzaha. Njia za ndani hugeuka tope, na mwenye gari mkweli atawaambia msubiri mpaka Juni. Anayekataa pesa yenu mwezi wa Februari, huyo mrudieni.

Halafu kuna mbung'o. Katavi wamejaa, na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Mwongozaji anayejali husema hilo mapema, kabla mama hajawanunulia watoto fulana za buluu za sare. Akiwa anaijua kazi, atawapitisha pia Ziwa Katavi penye mkwaju unaosemekana ni makao ya Katabi, mzimu wa mwindaji aliyeipa hifadhi jina, ambako watu huacha sadaka. Kama bibi wa familia ni Mbende, huenda anaijua habari hiyo kuliko mwenye gari.