Nasaba ya Mtoto Mchanga

Mgeni akikutana na mtoto asiyemjua huko Nkome, ufukoni mwa Ziwa Viktoria, humwuliza, "U mtoto wa nani?" Mtoto hutaja jina la baba yake, kisha la babu yake. Lakini mtoto mchanga aliyekufa hawezi kujibu. Je, nasaba yake yajulikanaje?

Tumtazame Elizabeth, binti wa Daktari David Livingstone, yule msafiri Mskoti aliyeonana na Stanley huko Ujiji mwaka 1871. Elizabeth alizaliwa Kolobeng, katika nchi iitwayo leo Botswana, mwezi wa Agosti 1850, akafa baada ya majuma sita tu. Hakuwahi kusema neno.

Kwanza hutafutwa wazazi, kisha wazazi wa wazazi. Mama yake, Mary, alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1821. Baba yake Mary alikuwa Robert Moffat, Mskoti aliyefasiri Biblia kwa Kitswana. Mama yake, Mary Smith, alikuwa Mwingereza. Baba wa mtoto, David, alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813. Wazazi wake walikuwa Neil, mchuuzi wa chai, na Agnes Hunter. Basi babu na bibi wote wanne wamepatikana: watatu Waskoti na mmoja Mwingereza.

Nyuma ya hapo msaada ulitoka kinywani mwa mzee. Babu yake David alikuwa mkulima katika kisiwa cha Ulva. Mzee huyo aliweza kusimulia habari za vizazi sita vilivyomtangulia, na David alipokuwa mtoto alimsikiliza kwa furaha. Alisikia pia ya kwamba mmoja wa wahenga, alipokaribia kufa, aliwaita watoto wake akawaambia kuwa amechunguza habari zote za ukoo wao, wala hakuona hata mtu mmoja mdanganyifu. Akawausia wawe waaminifu. David aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1857.

Kama David asingalisikiliza na kuandika, masimulizi hayo yangalizikwa pamoja na babu yake, na nasaba ya Elizabeth ingalikuwa fupi. Basi wewe uliye na babu au bibi aliye hai, keti naye jioni ya leo. Mwulize majina ya wazee wako, uyaandike daftarini. Na kama palikuwa na mtoto aliyekufa mchanga, mwandike naye mahali pake.