Jicho la Nahodha na Mizani ya Chombo

Mwadui ni nchi kavu. Mtu anayesimama kandokando ya mgodi wa almasi uliotokana na ugunduzi wa Dakta John Williamson mwaka 1940 haoni maji mengine ila yale ya mabwawa ya mgodi. Ziwa Victoria liko mbali, upande wa kaskazini. Hata hivyo, kwa miaka mingi watu wa Shinyanga waliokwenda Geita kwa njia ya Mwanza, wengi wao wakifuata kazi katika machimbo ya dhahabu, hawakuweza kufika bila kuvuka maji. Walishuka Kigongo, wakapanda kivuko pamoja na malori, mabasi na magunia, wakaivuka Ghuba ya Mwanza hadi Busisi. Daraja la sehemu hiyo, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025.

Mchimbaji huijua hatari ya kazi yake. Anajua kwamba dereva wa lori kubwa la mgodini akisinzia katika mteremko, watu watakufa, na anajua nani ataulizwa. Lakini mchimbaji huyohuyo akishakanyaga sitaha ya kivuko huwa abiria kama abiria wengine: hajui chombo kina uzito gani, hajui aliyeshika usukani amelala saa ngapi, wala hajui ni nani atakayejibu mambo yakiharibika. Daraja limewaondolea wasiwasi huo wapitao Kigongo. Wakazi wa Ukara, Ukerewe, Kome na visiwa vingine bado wanasafiri majini kila siku.

Wajibu wa nahodha kuwa macho hudhaniwa kuwa ni jambo la tabia njema tu. Kwa hakika ni jambo linaloweza kupimwa, na sehemu yake kubwa hutimizwa kabla chombo hakijang'oa nanga.

Hesabu isiyoonekana kwa macho

Tuchukue mfano wa kivuko chenye umbo la sanduku, urefu mita 20 na upana mita 10. Eneo lake juu ya maji ni mita za mraba 200. Kwa mujibu wa kanuni ya Archimedes, chombo kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake chenyewe, na tani moja ya maji ya ziwa hujaza mita moja ya ujazo. Basi kila tani inayopakiwa hukizamisha kivuko hiki nusu sentimita tu. Wakipanda watu 200 zaidi ya idadi iliyoruhusiwa, kila mmoja akiwa na kilo 60, watakuwa na uzito wa tani 12, na kivuko kitazama sentimita 6 zaidi. Hizo ni kama upana wa vidole vitatu au vinne. Mtu aliyesimama gatini, penye viwimbi, hawezi kuliona badiliko hilo.

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Husema, "Mbona chombo kiko juu ya maji?" Ni kweli kiko juu, lakini chombo kilichopakiwa kupita kiasi mara nyingi hakizami kwanza; hupinduka kwanza.

Sababu yake ni hii. Uzito wote wa chombo na vilivyomo hufanya kazi kama kwamba umekusanyika mahali pamoja, panapoitwa kitovu cha uzito. Nayo nguvu ya maji inayokisukuma chombo juu ina kitovu chake, katikati ya ile sehemu iliyozama. Chombo kikiinama upande mmoja, sehemu iliyozama hubadilika umbo, na kitovu cha nguvu ya maji huhamia upande huo ulioinama. Maadamu kitovu cha uzito kiko chini vya kutosha, nguvu hizo mbili hukirudisha chombo wima, kama mtoto wa bandia mwenye risasi chini ambaye kila ukimlaza huinuka. Watu wanaposimama kwa mamia juu ya sitaha, au magunia yanapopangwa hadi darini, kitovu cha uzito hupanda. Kikipanda kupita kiasi, nguvu zilezile zilizokuwa zikikiinua chombo ndizo zinazomalizia kukilaza.

Mizigo mingine hutulia ilipowekwa. Watu hawatulii. Tuseme abiria 150 wa kilo 60 kila mmoja wanasogea mita 3 kutoka upande mmoja hadi wa pili, labda kwa kuwa gati limeonekana na kila mtu anataka kushuka wa kwanza. Hizo ni tani 9 zilizohama kwa mara moja. Nahodha yeyote atakataa kung'oa na lori la tani 9 lisilofungwa na lisilo na breki. Abiria 150 wasio na nidhamu ni lori hilohilo. Na ukingo ukishapitisha maji, ubaya huongezeka upesi: maji ya kina cha sentimita 5 tu juu ya sitaha ya kivuko chetu ni tani 10, nayo hukimbilia upande ulio chini.

Kwa hiyo uangalifu wa nahodha huanza kwa kuhesabu vichwa, kupima mizigo, kupanga vizito chini na kufunga magari. Nahodha asiyejua idadi ya watu aliowabeba hajui chombo chake kitafanya nini akikata kona.

Lindo la macho na masikio

Chombo kikishaondoka, wajibu wa pili huanza. Mwaka 1972 mataifa yalikubaliana juu ya kanuni za kuzuia migongano baharini, nazo zikaanza kutumika mwaka 1977. Kanuni ya 5 ni fupi kuliko nyingi: kila chombo kiweke lindo lifaalo wakati wote, kwa kuona, kwa kusikia na kwa kila njia iliyopo inayofaa hali ya mahali na wakati. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini maji hayachagui, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria mwaka 2007.

Maneno "wakati wote" yana maana yake halisi. Boti inayokwenda kilomita 36 kwa saa hupita mita 10 kila sekunde. Mwendeshaji akiinamisha uso kusoma ujumbe katika simu kwa sekunde 6, amekwenda mita 60 bila kuongozwa na mtu. Boti mbili za mwendo huo zikielekeana, nafasi iliyo kati yao hupungua mita 20 kila sekunde. Na usiku ziwani pana mitumbwi ya mbao isiyo na taa, ambayo hata rada haiioni vema, pamoja na wavuvi wa dagaa waliotega kwa karabai katika siku za giza.

Usingizi ni adui mkubwa kuliko simu, kwani mwenye kusinzia hajijui kuwa anasinzia. Utafiti uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekesha kwa saa 17 mfululizo hufanya kazi kwa kiwango kile kile cha mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Kwa sababu hiyo sheria za kimataifa zinamtaka baharia apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24. Meli kubwa sasa zina kengele inayolia kila baada ya dakika chache iwapo afisa wa zamu hajaonyesha dalili ya kuwa macho. Boti ya mbao yenye injini ya kupachika haina kengele; ina kijana mmoja tu ambaye pengine amekesha akivua.

Ziwa lenyewe nalo halilali. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, hewa ikatoka pande zote za nchi kukutana juu ya maji yaliyo vuguvugu, ikapanda, ikazaa mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hupiga usiku na alfajiri. Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kwa kushirikiana na nchi za eneo hili, lilianzisha mradi wa kutoa tahadhari za mapema kwa ajili ya wavuvi na wasafiri wa ziwa hili. Tahadhari iliyotolewa huongeza pia dhima: aliyeonywa akaondoka hawezi kusema baadaye kwamba dhoruba ilikuwa kudura ya Mungu peke yake.

Ukara, 20 Septemba 2018

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio huko Bugorora. Kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101 pamoja na magari 3 na tani 25 za mizigo, kiliondoka kuelekea kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaa watu na bidhaa zao. Kilipinduka makumi machache tu ya mita kutoka gati la Bwisya, mbele ya macho ya waliokuja kupokea ndugu zao. Waliokufa walizidi 220. Waliookolewa walikuwa 41. Walioshuhudia walieleza kwamba abiria walikuwa wamesogea upande mmoja kujiandaa kushuka. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mmoja akiwa hai. Alikuwa amebaki ndani ya chombo mahali palipokuwa na hewa.

Lililotisha wachunguzi tangu mwanzo ni kwamba hakuna aliyeweza kusema kwa hakika watu wangapi walipanda. Ilielezwa kwamba mkata tiketi mwenyewe alikufa na mashine yake ikapotea. Rais John Magufuli, akilihutubia taifa, alisema kwamba nahodha hakuwamo chomboni na kwamba usukani ulikuwa mikononi mwa mtu asiye na mafunzo, akaamuru wahusika wakamatwe. Bodi ya wakala wa serikali uliokiendesha kivuko hicho ilivunjwa.

Miaka 22 kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilikuwa imezama karibu na Mwanza. Meli hiyo ilikuwa na nafasi ya abiria 430. Orodha ya majina ilikuwapo kwa madaraja ya juu, lakini wasafiri wa daraja la tatu hawakuandikwa, na idadi ya waliokufa, inayokadiriwa kupita 800, inabishaniwa hadi leo. Meli ilipokuwa imepinduka bado ilielea kwa muda, ikishikiliwa na hewa iliyonaswa ndani. Tundu lilipotobolewa ili kuwatoa waliosikika wakigonga, hewa hiyo ilitoka, nayo meli ikaenda chini. Waliotoboa walikuwa na huruma na haraka. Fizikia ya hewa iliyonaswa hawakuwa nayo. Maofisa tisa wa Shirika la Reli, akiwemo nahodha, walishtakiwa.

Nani hujibu?

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayeendesha chombo cha majini kwa uzembe unaohatarisha maisha, na vilevile yule anayesafirisha watu kwa nauli katika chombo kibovu au kilichojazwa kupita kiasi. Kifungu hicho cha pili hakimlengi mshika usukani peke yake. Kinamgusa pia aliyekusanya nauli. Katika madai ya fidia, mwajiri hujibu kwa uzembe wa mwajiriwa wake uliotendeka kazini. Na vyombo viwili vikigongana, mkataba wa Brussels wa mwaka 1910 uliweka msingi kwamba kila upande ulipe kwa kadiri ya kosa lake.

Kesi ifundishayo zaidi ilitokea mbali. Tarehe 6 Machi 1987 kivuko cha Kiingereza, Herald of Free Enterprise, kiliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya mbele ikiwa wazi. Maji yaliingia katika sitaha ya magari, kikapinduka kwa muda mfupi mno, na watu 193 wakafa. Baharia aliyepaswa kuifunga milango alikuwa amelala chumbani mwake. Ingekuwa rahisi kuishia kwake. Lakini uchunguzi wa Jaji Sheen ulikwenda mbele: nahodha hakuwa na njia ya kuiona milango kutoka pale alipokaa, na manahodha wa kampuni walikuwa wamekwisha kuomba wawekewe taa za kuonyesha kama imefungwa, ombi lao likapuuzwa ofisini. Usingizi wa mtu mmoja uliua kwa sababu walio macho hawakutaka kununua taa. Baadaye mashtaka ya kuua dhidi ya kampuni yalishindwa mahakamani, lakini mwaka 1993 zilipitishwa kanuni za kimataifa zinazowalazimisha wenye meli kuwa na utaratibu ulioandikwa wa usalama, na kumtaja mtu wa nchi kavu anayewajibika.

Watu wa Mwadui wana sababu yao ya kulielewa suala hili. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulibomoka, tope likamwagika hadi nje ya mipaka ya mgodi. Kwa bahati hakuna aliyekufa. Katika sheria tuliyorithi kutoka Uingereza ipo hukumu ya mwaka 1868, iliyotokana na bwawa lililovujia machimbo ya makaa ya jirani, isemayo kwamba aliyekusanya juu ya ardhi yake kitu chenye kuleta madhara kikitoroka hujibu kwa madhara hayo hata kama hakuna uzembe uliothibitishwa. Mwenye kivuko hana mzigo huo. Yeye hushtakiwa kwa uzembe, na uzembe lazima uthibitishwe: idadi ya abiria, saa za kazi za nahodha, cheti chake, tarehe ya ukaguzi.

Ndiyo kusema, mfiwa wa ajali ya chombo anategemea karatasi zilezile ambazo mzembe hakuziandika. Huko Ukara kivuko kipya kilicho kikubwa zaidi, MV Ukara II, kilipelekwa kuchukua nafasi ya MV Nyerere. Kwenye mialo midogo ya visiwani, boti za mbao bado huondoka alfajiri zikiwa na abiria, dagaa na mafuta ya taa, na katika nyingi kati yake hakuna daftari lililoandikwa jina la mtu hata mmoja.