Barabara ni Haki ya Kila Mpitaji

Njia kuu ni mali ya watu wote: mwenye motokaa, mpanda baiskeli, mzee mwenye bakora, na mtoto aendaye chuoni. Basi yatupasa kuuliza: imejengwa kwa ajili ya nani?

Mwaka 1971, nchi ya Uholanzi ilipoteza watu wapatao 3,300 katika ajali za barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi hawakutosheka na kuwaonya wana wao. Waliandamana kudai barabara zenyewe zibadilishwe. Mwaka 1976 sheria ikaitambua mitaa ya makazi ambamo motokaa zililazimika kwenda mwendo wa miguu, na watoto wakaruhusiwa kucheza. Baiskeli nazo zikaendelea kutengewa njia zao.

Twajifunza nini? Kumwonya mtoto ni wajibu wetu, lakini mtoto husahau. Tuta na njia ya kando havisahau. Na dini yetu yatufunza kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Basi, enyi wazazi na vijana, wakuu wa mji wakija kupima barabara mtaani kwenu, waulizeni kwanza: waendao kwa miguu watapita wapi? Barabara imlindayo aliye dhaifu huwalinda wote.