Tabora, Shule ya Watoto wa Machifu

Reli inayoanzia Kigoma, chini ya milima ya Manyovu, hupita Tabora, ilipo shule ya sekondari iliyofunguliwa na Waingereza miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu. Iliendeshwa kama shule za bweni za Uingereza, zenye viranja wenye mamlaka na nidhamu kali, ili kuandaa watawala wa kienyeji. Mwaka 1937 alijiunga Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Ni Serikali yake iliyofuta uchifu mwaka 1963. Leo mtoto wa mkulima wa kahawa wa Manyovu haulizwi ukoo, na mwaka 2016 shule za umma ziliacha kutoza ada hadi kidato cha nne.