Wi-Fi ya Mpakani Haitaki Nguvu, Inataka Majirani Waelewane

Mjini Busia, katika mtaa wa Marachi upande wa Kenya au Sofia upande wa Uganda, si ajabu mtu kupokea ujumbe wa kumkaribisha nchi ya pili naye hajatoka jikoni kwake. Mawimbi ya simu hayasimami kwenye kizuizi cha forodha. Ya nyumbani yakififia, simu hudaka ya ng'ambo, na asiyezima roming huenda akakuta salio limeliwa. Wakazi wa Busia zote mbili, na wenzao wa Malaba na Tororo, wameishi na jambo hili tangu simu za mkononi zilipofika.

Wamelizoea, maana mpaka wenyewe uliwakuta wamekaa. Hadi 1902 eneo hili, na nchi kubwa ya mashariki yake hadi Bonde la Ufa, lilihesabiwa kuwa Uganda. Mstari ulipochorwa upya, Wateso na Wasamia wakawa na ndugu pande zote mbili. Watu waliendelea kutembeleana, kuoana na kufanya biashara, na mawimbi nayo yamefuata njia hiyohiyo.

Kwa redio na simu, serikali zilikaa chini zikapanga. Masafa ya redio za FM barani Afrika yaligawanywa kwa mkataba wa Geneva wa 1984, ili kituo cha nchi moja kisifunike cha jirani. Mwishoni mwa 2014 nchi za Ukanda wa Kaskazini, zikiwemo Kenya na Uganda, zilianzisha mpango wa Mtandao Mmoja, uliofuta ada ya kupokea simu ukiwa nchi jirani na kushusha gharama ya kupiga. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na Tume ya Mawasiliano ya Uganda hugawa masafa kwa leseni, kwa hiyo kampuni ikivurugiwa inajua pa kwenda. Na mawimbi yanayovuka yana heri yake: Januari 2021, intaneti ilipozimwa Uganda wakati wa uchaguzi, kuanzia tarehe 13 hadi 18, laini za Kenya ziliwafaa waliokuwa karibu na mpaka.

Ndani ya nyumba zetu, hakuna aliyekaa chini na mwenzake. Wi-Fi nyingi za nyumbani hutumia masafa ya kati ya megahezi 2,400 na 2,483.5, ambayo hayana mwenyewe. Marekani iliruhusu masafa hayo yatumike bila leseni mwaka 1985, mataifa mengine yakafuata, na kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kikatoka 1997. Ruhusa hiyo ilikuja na sharti: anayetumia bila leseni hana haki ya kudai alindwe dhidi ya mwingiliano. Rauta ya jirani ikikusumbua, hakuna ofisi ya kumshtaki, iwe Nairobi au Kampala. Umebaki wewe na yeye.

Inauma zaidi ukifikiria safari ambayo intaneti hiyo imeshamaliza. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kutoka pwani, faiba husafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Malaba na Busia, ndiyo milango mikuu ambayo intaneti ya Uganda hupitia kutoka baharini. Data inavuka bahari, inapanda Bonde la Ufa na kufika mpakani salama, kisha inapotea katika mita kumi za mwisho, kati ya rauta iliyo sebuleni na simu ya mtoto anayefanya kazi ya shule chumbani.

Inapoteaje? Masafa hayo yamegawanywa katika chaneli 13, kila moja ikiwa megahezi 5 tu kutoka kwa inayofuata. Lakini rauta moja huhitaji upana wa megahezi 20 hivi. Kwa hiyo anayetumia chaneli ya 6 amekanyaga pia ya 4, ya 5, ya 7 na ya 8. Katika zote 13, chaneli tatu ambazo kwa kawaida hutumika bila kugusana ni ya 1, ya 6 na ya 11.

Wi-Fi ina adabu ya barazani: kabla ya kusema, kifaa husikiliza kwanza kama kuna mwingine anayesema. Rauta mbili zikiwa chaneli moja husikizana na kupeana zamu. Kasi hupungua, ila mazungumzo yanaendelea. Hatari iko kwa anayeona chaneli ya 1 na ya 6 zimejaa, akaamua kuhamia ya 3 kwa kuwa inaonekana tupu. Huyo hapewi zamu na yeyote. Majirani wa chaneli zote mbili wanamsikia kama kelele, naye anawasikia vivyo hivyo, na data ya kila mmoja inaharibika njiani na kutumwa upya. Kosa hili hufanywa na watu makini, wenye programu ya kupima mawimbi kwenye simu zao.

Sasa tazama ploti zetu. Nyumba za kupanga zimejengwa kwa safu, chumba kimebanana na chumba, chini ya paa moja la mabati. Pengine ukuta wa kutenga haufiki juu, na hakuna siling'i. Mawimbi hupanda, hugonga mabati na kurudishwa chini kwa jirani. Wapangaji wanane wakiwa na rauta nane, kila moja ikitangaza kwa nguvu zake zote, hewa ya ploti hiyo imejaa kabla hata hujaongeza spika za Bluetooth, kamera zisizo na waya na oveni ya maikrowevu, vyote vikiwa kwenye masafa hayohayo. Ndiyo maana kasi huanguka jioni, watu wanaporudi kutoka sokoni na kazini.

Kabla ya kumlaumu jirani, hakikisha. Chukua kompyuta, iunganishe na rauta kwa waya, upime kasi. Ikiwa hata kwa waya ni kobe, tatizo liko kwa kampuni au kwenye mnara. Wenye rauta za laini ya simu waangalie pia imeshika mtandao gani, kwani rauta ya namna hiyo, kama simu, inaweza kudaka mnara wa ng'ambo. Zima roming, na uchague mtandao kwa mkono badala ya kuiachia ichague yenyewe. Ikiwa kwa waya kasi ni nzuri na kwa Wi-Fi ni mbaya, hapo ndipo uzungumzie mwingiliano.

Dawa ya kwanza ni kuhamia masafa ya gigahezi 5 kama rauta na simu zako zinayaweza. Huko chaneli ni nyingi zaidi. Watu huyalaumu kwa kuwa hayapenyi ukuta vizuri, lakini kwenye ploti hiyo ndiyo sifa yake: ukuta wa matofali unaokuzuia kumsumbua jirani unamzuia naye kukusumbua. Dawa ya pili ni kuweka upana wa chaneli kwenye megahezi 20 kwa masafa ya chini. Rauta nyingine huja zikiwa tayari kuchukua 40, ambazo ni karibu nusu ya nafasi yote iliyopo. Ya tatu ni waya. Televisheni haihami, ikiunganishwa kwa waya, filamu zake hazitapita tena hewani, na wewe pamoja na jirani mtapumua. Rauta nayo itolewe nyuma ya televisheni na kando ya friji, iwekwe juu, katikati ya nyumba.

Kinachofanywa na wengi ni kinyume chake. Wananunua kifaa cha kurudia mawimbi, ambacho kwa kawaida hupokea data na kuituma tena kwenye chaneli ileile, yaani hewa iliyojaa inatumika mara mbili. Jirani akiona yake imezidiwa, naye anatafuta rauta yenye antena nyingi zaidi. Kila anayepaza sauti anamlazimisha mwenzake apaze zaidi, na mwisho hakuna anayesikika. Kibaya zaidi ni vifaa vya kuongeza nguvu ya mtandao wa simu vinavyouzwa bila idhini. Hivyo vinagusa masafa yenye leseni na vinaweza kuvuruga mnara unaohudumia mtaa mzima, na mwenye navyo anaweza kujikuta matatani kisheria.

Naamini kwa dhati kwamba dawa kubwa haiuzwi dukani. Ni mazungumzo ya uani. “Mama Wafula, shikamoo. Wi-Fi zetu zinagombana. Mimi nitakaa chaneli ya kwanza, wewe ubaki ya sita, na Baba Okello tumwombe aende ya kumi na moja.” Kubadilisha chaneli huchukua dakika chache kwenye ukurasa wa rauta, na fundi aliyeifunga anaweza kuelekeza kwa simu. Kila mmoja pia apunguze nguvu ya kutuma, maana chumba kimoja hakihitaji mawimbi ya kufika barabarani. Katika ploti ndogo, hata rauta mbili zilizowekwa vizuri na kugharamiwa kwa pamoja zinaweza kushinda nane zinazogombana, mradi masharti ya kampuni yanaruhusu na nywila zinalindwa.

Wenye nyumba wana sehemu yao. Anayejenga leo Busia au Tororo hupitisha waya wa umeme ukutani bila kuulizwa. Apitishe na wa mtandao, angali anachimba ukuta. Kampuni nazo ziwatake mafundi wao wapime hewa ya ploti kabla ya kuondoka, badala ya kufunga rauta, kuona taa inawaka na kwenda zao. Nchi mbili zimeweza kupatana juu ya mawimbi yanayovuka mpaka. Wapangaji wanane wanaochota maji kwenye bomba moja hawashindwi kugawana chaneli tatu, na anayesoma haya anaweza kuwa wa kwanza kubisha hodi kwa jirani jioni ya leo.