Waya Usiofika Ardhini

Tulipopitia tafsiri ya mwongozo wa kutengeneza taa za breki za tela, tulikuta waya mweupe wa plagi ya pini 7 umeitwa "waya wa ardhini". Tela huenda juu ya magurudumu ya mpira; umeme wake haushuki ardhini hata kidogo. Waya mwekundu huupeleka kwenye taa za breki, na mweupe huurudisha kwenye betri ya gari livutalo. Ukilegea au ukishika kutu, taa hufifia. Fundi aliyepotoshwa na jina atabadilisha bure balbu zisizo na kasoro, na tela litarudi barabarani usiku bila kuwaonya walio nyuma. Mafundi husema "ethi". Twapendekeza "waya rejeshi", nalo neno la mafundi liandikwe kwenye mabano hadi jipya lizoeleke.