Mswada wa Njoki na vifungu vilivyoachwa njiani

Bunge la Tisa la Kenya lilikuwa na wabunge 222, na wanawake hawakufika 20. Katika ukumbi huo ndimo Njoki Ndung'u, wakili aliyeingia bungeni mwaka 2003 kama mbunge maalum wa muungano wa Narc, alimopeleka mswada wa makosa ya ngono. Hakuwa waziri, wala hakuwa na eneobunge lililomsukuma. Mswada ulikuwa wa mbunge binafsi, na bila kura za wanaume haungesogea hatua.

Sheria aliyotaka kuibadilisha ilikuwa urithi wa mkoloni. Sheria ya Adhabu iliuweka ubakaji kwenye sura ya makosa dhidi ya maadili, kana kwamba kilichojeruhiwa ni heshima ya jamii wala si mtu mwenye mwili wake. Mwathiriwa wa ubakaji, kwa mujibu wake, angeweza kuwa mwanamke au msichana tu. Mvulana alitafutiwa kosa jingine, jepesi. Adhabu ya juu ilikuwa kifungo cha maisha, lakini ya chini haikuwekwa, hivyo hakimu aliweza kumfunga mbakaji miaka michache na faili likafungwa.

Mjadala wa Aprili 2006 ulikuwa mkali. Wapo waliosema sheria hiyo itawapeleka jela wanaume wasio na hatia, na wengine wakadai itaua uchumba. Mbunge mmoja akasimama na kusema kwamba mwanamke wa Kiafrika akikataa huwa amekubali, ila anaona haya. Wabunge wanawake wakatoka ukumbini kwa hasira. Maneno hayo yalisemwa na mtunga sheria, mbele ya kinasa sauti, na nadhani hakuna hoja ya Njoki iliyoeleza haja ya mswada ule kwa ufasaha kuyapita.

Ulipopitishwa mwishoni mwa Mei, ulikuwa umepunguzwa. Kifungu kilichofanya ubakaji wa ndani ya ndoa kuwa kosa kilitolewa. Ukeketaji nao ulitolewa. Kisha kikapenyezwa kifungu cha 38: atakayemsingizia mtu kosa la ngono apewe adhabu ile ile ambayo angepewa mtuhumiwa. Hebu fikiria mama wa mtoto aliyenajisiwa, anaambiwa kesi ikishindikana huenda yeye ndiye atakayefungwa. Wako wanaharakati waliotaka mswada uondolewe kuliko kupita hivyo. Njoki aliuchukua. Naamini alichagua vyema, kwa sababu vilivyobaki ndani yake havikuwa haba. Anayenajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha. Wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Wa 16 hadi 18, kisichopungua 15. Mbakaji hapati chini ya miaka 10. Mvulana akalindwa sawa na msichana. Mawakili nao wakazuiwa kumchimba mlalamishi kuhusu maisha yake ya nyuma ya mapenzi bila idhini ya mahakama.

Kifungu kinachostahili kujulikana zaidi ni cha 35. Kinamtaka waziri wa afya aweke kanuni za matibabu katika hospitali za umma, na gharama zibebwe na Serikali. Kwa aliyebakwa, muda ni uhai. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, kisha zimezwe siku 28. Za kuzuia mimba zina siku tano. Nguo alizovaa hutiwa kwenye mfuko wa karatasi, kwani ndani ya plastiki unyevu huharibu ushahidi. Muuguzi asiyejua hilo anaweza kuiua kesi kabla haijafika kwa polisi, na familia inayozungushwa kutafuta pesa za vipimo au za daktari wa kujaza fomu ya polisi ya P3 huzipoteza saa hizo kwenye foleni. Sheria ilianza kutumika Julai 2006. Kanuni za matibabu zilitangazwa 2012. Miaka sita yote hiyo mwathiriwa alikuwa na haki isiyo na utaratibu wa kuitekeleza.

Polisi nao walikuwa na yao. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi walivunja haki za wasichana walionajisiwa kwa kutochunguza malalamiko yao ipasavyo, ikaamuru uchunguzi ufanyike. Sheria ilikuwa na umri wa miaka saba wakati huo. Watoto walilazimika kuwashtaki polisi ili itumike.

Njoki hakurudi bungeni baada ya uchaguzi wa 2007. Tangu 2011 ni jaji wa Mahakama ya Juu. Jina lake linatajwa pia katika likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba, iliyomo kwenye Sheria ya Ajira ya 2007. Aliyoyaacha yaliokotwa na wengine. Mwaka 2011 Bunge lilipitisha sheria kamili ya kupiga marufuku ukeketaji kupitia mswada wa Fred Kapondi wa Mlima Elgon, mwanamume, akisaidiana na wabunge wanawake kina Linah Kilimo na Sophia Abdi Noor. Mwaka uliofuata kifungu cha 38 kikafutwa.

Kimoja hakijaguswa. Kifungu cha 43 cha sheria ya Njoki, sehemu ya tano, kinasema maelezo yake kuhusu tendo lisilo halali hayawahusu watu waliooana kisheria. Ilhali Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inautaja waziwazi ukatili wa kingono ndani ya ndoa, na inamruhusu mke aombe amri ya mahakama ya kumlinda. Kwa hiyo mke wa Kenya anaweza kupata karatasi ya kumzuia mumewe asimkaribie, lakini hawezi kumshtaki kwa kumbaka. Kuiondoa sentensi hiyo kunahitaji mswada wa ukurasa mmoja, na mbunge yeyote kati ya 349 wa Bunge la Taifa anaweza kuuleta.